Kwa nini maofisa wetu hugeuka mabubu kwenye midahalo ya kozi za nje? Kiingereza au nidhamu?

#1 Mtoto wa Kota

Wakuu, salaam.

Kaka yangu ni meja. Hapa nyumbani akianza kubishana mpira, mama huhama sebule. Kikosini wanasema akisimama mbele ya ramani, hata mpishi anaelewa shambulio litapita wapi. Kuna mwaka akapelekwa kozi ya ukamanda na unadhimu nje. Nchi na chuo naviweka kapuni. Karudi na cheti. Alama za kuandika nzuri, za zoezi la uwanjani nzuri zaidi. Ila kwenye ripoti kuna mstari mmoja unaomnyima usingizi mpaka leo: hachangii vya kutosha kwenye majadiliano ya sindiketi, yaani kikundi chake cha darasani.

Anasema kule kila wiki kuna mdahalo. Unapewa upande, uuamini usiuamini. Mada kama "Walinda amani wapige kabla hawajapigwa". Mnakabana koo kwa Kiingereza, kanali kakaa pembeni anaandika. Yeye anaunda sentensi kichwani, anaipaka rangi, anaikagua sarufi, akifungua mdomo mada imeshahamia kwingine.

Hoja yangu ni hii: tatizo si Kiingereza. Kiingereza anacho. Tunachowanyima ni mazoezi ya kubishana. Anayepinga ajitokeze. Nawasilisha.

#2 Siti ya Dirishani

Nimeshakaa. Karanga za mia tano ninazo.

#3 Mpinzani Rasmi

Mtoa mada, nakupa tano. Nimepiga midahalo chuoni miaka mitatu, ule mtindo wa Bunge la Uingereza: timu nne za watu wawiliwawili, mbili zinaunga mkono, mbili zinapinga. Mada mnapewa dakika kumi na tano kabla, kisha kila mtu ana dakika saba za kusimama. Katikati ya hotuba yako mpinzani anaruhusiwa kuinuka na kukuchomekea swali. Unaamua mwenyewe, umpokee au umkalishe.

Nilichojifunza humo: wenye Kiingereza kilichonyooka wanapigwa kila siku na wenye Kiingereza cha kuchechemea. Kinachobeba ni kujua usimame lini, hoja yako ni ipi kati ya tatu ulizonazo, na ukikatizwa unarudije njiani. Mwaka wa kwanza nilikuwa nasema "he don't" na bado nilikuwa nafika nusu fainali.

#4 Ticha Mwajuma

Nisamehewe, lakini #1 na #3 mnarahisisha.

Nimewahi kufundisha maofisa Kiingereza kabla ya safari, madarasa ya jioni. Wanaokwenda Marekani wengi hupimwa kwa mtihani unaoitwa ECL, alama za juu mia moja. Unatoka kwenye taasisi ya lugha ya jeshi la Marekani, kituo chake cha Kiingereza kiko Lackland, San Antonio, Texas. Kila kozi ina alama yake ya kuingilia. Sasa sikilizeni: mtihani huo ni kusikiliza na kusoma, unachagua jibu. Huongei hata neno moja! Kuongea kuna usaili wake wa pembeni, na si kila kozi inaudai.

Kwa hiyo mtu anapata alama themanini na kitu, anapongezwa, anapanda ndege, na katika safari yote hiyo hakuna aliyewahi kumsikia akijenga sentensi tatu mfululizo. Halafu mnasema Kiingereza anacho. Anacho masikioni. Mdomoni bado.

Wenzao wa NATO wana kipimo chao, STANAG 6001, ngazi sifuri hadi tano. Matokeo huandikwa tarakimu nne: kusikiliza, kuongea, kusoma, kuandika. Ofisa akiwa 3232 unaona mara moja kwamba masikio na macho ni tatu, mdomo na kalamu ni mbili. Sisi tunampa mtu alama moja ya jumla, kama bei ya nyanya.

#5 Kaka Mpole

Mimi nina Kiingereza cha kuombea maji. Nikipewa soda nashindwa kukataa.

#6 Mzee wa Kwata

Vijana, shikamooni hamtoi, basi nianze mimi.

Mnajadili kana kwamba Kiingereza ndicho kilizaa jeshi huku kwetu. Marehemu baba alikuwa KAR, jeshi la mkoloni Mwingereza huku kwetu. Zama zile aliyefanyishwa mtihani wa lugha alikuwa Mzungu! Ofisa wa Kiingereza akija King's African Rifles lazima ajifunze Kiswahili, afanye mtihani, ndipo aaminike na askari. Vikosi vya Nyasaland, Malawi ya leo, vilikuwa na Kichinyanja chao, lakini huku kwetu amri ilikuwa Kiswahili. Kiswahili chenyewe kilikuwa cha kuvunjavunja, watu wa pwani wakikiita Kikeya, yaani cha KAR, na kucheka mpaka machozi. Lakini kilifika Burma na kikarudi.

Kiingereza kwa askari kilipata nguvu wakati wa Vita vya Pili, walipoletwa waalimu wa jeshi kufundisha kusoma na kuandika, kwa sababu redio na magari na mizinga mipya vilikuja na vitabu vyake. Mnaona? Kiingereza kiliingia kama kifaa, pamoja na spana.

Baada ya maasi ya Januari 1964 pale kambi ya Colito, Dar es Salaam, na JWTZ kuundwa tarehe 1 Septemba mwaka huohuo, kwata yetu ikawa ya Kiswahili. "Nyuma geuka" haihitaji tafsiri. Mkuu wa Majeshi wa kwanza, Sarakikya, alisoma Sandhurst, chuo cha maofisa cha Uingereza, na jeshi lake likaongozwa kwa Kiswahili. Nani alimwita bubu?

#7 Nairobi Yetu

Marahaba... pole, shikamoo mzee 😂

Sisi huku Kenya kwata ni Kiingereza, shule ni Kiingereza tangu darasa la nne, na bado binamu yangu aliyetoka chuo cha maofisa cha Lanet anasema kwenye kozi kubwa kuna watu hunyamaza wiki ya kwanza mpaka ya mwisho. Kwa hiyo ile nadharia ya "Watanzania Kiingereza hawajui" ipumzike kidogo. Ingawa, kusema ukweli, hamjui.

#8 Dada wa Makunduchi

Nairobi Yetu, wewe uliyejibu "marahaba" kwa mzee huna haki ya kumcheka mtu lugha.

#9 Mtoto wa Kota

Ticha #4, hilo la masikio na mdomo nimelipeleka kwa mhusika. Amesema "huyo mwalimu anajua anachosema", kisha akanipa kisa ambacho nilikuwa sijakisikia.

Kozini alikuwa na mwenzake kutoka nchi nyingine ya Afrika, siitaji. Wiki ya pili wakapewa kazi: "Write an appreciation." Jamaa akakesha. Asubuhi akawasilisha kurasa mbili za kuwashukuru wenyeji, mkuu wa chuo, wapishi, na serikali yake kwa kumteua. Kumbe "appreciation" ya jeshini ni uchambuzi wa hali: adui yuko wapi, ardhi ikoje, njia zako ni zipi, unachagua ipi na kwa nini.

#10 Kaka Mpole

Hii chai. Tena ya maziwa.

#11 Mzee wa Kwata

Si chai. Neno hilo kwa Waingereza ni la zamani sana na limewanasa wengi. Siku hizi wenyewe husema "estimate".

#12 Dada wa Makunduchi

Na "estimate" nayo ukimpa fundi wangu wa vigae atakuletea makadirio ya saruji. Yaani wametoa tego moja wakaweka jingine.

#13 Rubani wa Mezani

(Mimi si rubani, ni mtu wa mawasiliano, jina ni tamaa tu.)

Mnazungumzia midahalo ya darasani ambako ukikosea unapoteza alama. Naomba niwapeleke kwenye redio. Tarehe 25 Januari 1990, ndege ya Avianca namba 52 kutoka Colombia ilizungushwa angani njiani kuelekea New York kwa jumla ya zaidi ya saa nzima, hali ya hewa mbaya. Mafuta yakawa yanakwisha. Rubani msaidizi aliwaambia waongozaji kwamba mafuta yanawaishia, na kabla yake waliomba "priority", yaani kipaumbele. Neno "emergency" halikutamkwa. Kwa mwongozaji wa pale, bila neno hilo, ile ilikuwa ndege moja kati ya nyingi zenye haraka. Ikaanguka Long Island, watu 73 wakafa kati ya 158.

Sasa jiulizeni: pale kilikosekana Kiingereza, au ujasiri wa kumkatiza mtu mwenye mamlaka? Wataalamu wamelibishania hilo miaka yote. Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, lilikuja kuweka kiwango cha Kiingereza kwa marubani na waongozaji: ngazi sita, na kuanzia Machi 2008 ya nne ndiyo ya chini inayotakiwa kwa safari za kimataifa. Ngazi ya lugha inapimika. Ujasiri sijaona ngazi yake.

Jingine dogo la jeshini. Ukiwa hukusikia, usiseme "repeat". Sema "say again". "Repeat" kwa watu wa mizinga ni amri: piga tena palepale.

#14 Kaka Mpole

Kwa hiyo nikiwa sikumsikia mtu wa mizinga, nikamwambia "repeat"...

#15 Rubani wa Mezani

Utamsikia vizuri sana.

#16 Mwana wa Rumonge

Amahoro bandugu. Niko Burundi.

Jeshi letu lilikulia kwenye Kifaransa. Desemba 2007 vijana wetu wakaingia Mogadishu, AMISOM, kile kikosi cha Umoja wa Afrika Somalia, wakakuta Waganda wameshafika tangu Machi, na kazi zote za makao makuu ni Kiingereza. Mjomba wangu alikuwa huko. Anasema ripoti ya usiku ilikuwa inamtoa jasho kuliko mabomu: anafikiri kwa Kirundi, anaipanga kwa Kifaransa, anaandika kwa Kiingereza. Lakini akikutana na Mganda uso kwa uso wanamaliza kwa Kiswahili dakika mbili, maana UPDF, jeshi la Uganda, Kiswahili ni lugha yao ya kambini.

Mjomba hakuwa bubu. Alikuwa na lugha tatu, nne hata. Ile ya kuandikia ripoti tu ndiyo ilikuwa ya mwisho kufika. Madarasa ya Kiingereza kabla ya kuondoka walipewa, akajua kueleza familia yake na mapenzi yake ya mpira. Hakuna aliyemfundisha kusema "barabara imezibwa mita mia mbili kaskazini ya kituo, naomba njia mbadala".

#17 Ticha Mwajuma

Mwana wa Rumonge umenigusa pabaya, na mimi nimo kwenye dhambi hiyo. "My name is, I have two brothers." Mtu ana miaka arobaini na kombania ya watu mia nyuma yake, namfundisha kuelezea likizo yake.

Waingereza waliwahi kuendesha kupitia British Council mradi wa Kiingereza cha ulinzi wa amani, katika nchi kadhaa za Ulaya Mashariki na Afrika. Wazo lake lilikuwa hilohilo: fundisha lugha ya kizuizi cha barabarani, ya ripoti ya doria, ya kujadiliana na mzee wa kijiji. Mengine yatajileta.

#18 Kazi Mtaani

Mnazunguka mbuyu. Hakuna mada hapa. Ukimshinda kanali kwenye mdahalo leo, kesho nani anasaini likizo yako?

#19 Siti ya Dirishani

#18 ufungwe kwa plasta ukutani.

#20 Mpinzani Rasmi

#18 ndiye aliyesema kweli yote kwa mstari mmoja, ila naongeza kitu. Majeshi yaliyoumizwa ndiyo yaliyojifunza kulipia ubishi. Israeli baada ya kushtukizwa Oktoba 1973 waliweka ndani ya idara yao ya ujasusi kitengo ambacho kazi yake ni kupinga. Tathmini ikisema "adui hatashambulia", wao wanaandika kwa nini atashambulia. Wamarekani nao baada ya Irak wakaanzisha mafunzo ya namna hiyo pale Fort Leavenworth. Yaani unapewa amri ya kubisha. Ukinyamaza ndipo umevunja nidhamu.

Ndiyo maana midahalo ya kupewa upande usiouamini ina akili. Ukimpinga kanali, si wewe uliyempinga. Ni upande uliopangiwa. Likizo inasainiwa.

#21 Kazi Mtaani

Mkuu, nimekaa kambini miaka kumi na moja kama fundi umeme raia. Kanali hana kumbukumbu fupi kiasi hicho.

#22 Kabibi wa Beni

Jambo wote. Miye niko mutu wa Beni, Kivu ya Kaskazini, nitasema kwa Kiswahili yetu, musinicheke.

Ile brigade ya kupigana ya MONUSCO, walinda amani wa Umoja wa Mataifa kwetu Kongo, walifika 2013, Watanzania, Waafrika Kusini na Wamalawi, na mkubwa wao wa kwanza alikuwa Mtanzania, jenerali Mwakibolwa. Wao kwa wao walisema Kiingereza. Na jeshi yetu, FARDC, ni Kifaransa na Lingala. Lakini sisi raia tuliwapenda Watanzania haraka kwa sababu gani? Mama wa soko anaweza kumuambia askari "jana usiku watu walipita huku kwa mto, walikuwa na bunduki", na askari anasikia bila mukalimani. Wale wengine walikuja na mukalimani, na mukalimani naye ana kabila yake, ana woga yake, ana siasa yake.

Sasa munasema ofisa mwenye kunyamaza kwenye darasa ya Kiingereza ni bubu. Kwa soko ya Mavivi hakuwa bubu.

#23 Dada wa Makunduchi

Kabibi, nani akucheke? Karibu sana. Hiyo "woga yake" ina uzito kuliko "woga wake" yetu.

#24 Jadi na Historia

Nimesoma hadi hapa na nina pingamizi kwa kila mtu, hasa #4.

Kama lugha ndiyo tatizo, basi Waingereza na Wamarekani wasingewahi kupotezana. Aprili 1951, Korea, mto Imjin. Brigedia Brodie, Mwingereza, brigedi yake imezidiwa na Wachina. Jenerali wa Kimarekani anamuuliza hali ikoje. Anajibu kwa upole wa kwao kwamba mambo yamekuwa "a bit sticky", yananata kidogo. Mwingereza akisema hivyo ujue nyumba inaungua. Mmarekani akasikia: kuna ugumu kidogo, wanamudu. Kikosi cha Gloucestershire kikabaki juu ya kilima chake kimezingirwa, na wengi wao wakaishia kuwa mateka.

Wote wawili lugha ya mama ni Kiingereza. Wangefaulu ECL kwa mia.

Na mapigano ya Balaclava, vita vya Crimea, 1854, hapo sijayagusa. Amri iliandikwa kwa Kiingereza, na Mwingereza, ikapelekwa na Mwingereza, ikasomwa na Waingereza wawili waliochukiana, na wapanda farasi wakaelekezwa kwenye mizinga isiyo yenyewe.

#25 Ticha Mwajuma

Jadi, hujanipinga. Umenipa mfano wa somo la wiki ya tatu. Asiye Mwingereza anafundishika kwamba "a bit" ni neno la hatari. Mwingereza mwenyewe ndiye hafundishiki.

#26 Nairobi Yetu

Na sisi tuna yetu. Mtanzania akikwambia "nakuja" yuko bafuni.

#27 Msimamizi

Wakuu, nakumbusha. Majina ya vikosi vilivyopo sasa, maeneo na ratiba za safari visiletwe hapa. Kuna michango miwili nimeifuta. Endeleeni kwa amani.

#28 Kaka Mpole

Moja ilikuwa yangu. Nilikuwa nauliza tu kambi gani wanapika pilau Ijumaa.

#29 Mpenda Kiswahili

Nimesubiri mtu aseme, hakuna. Nasema mimi.

Kwa nini kozi yenyewe isiwe Kiswahili? SADC wamekifanya Kiswahili lugha rasmi ya nne, Agosti 2019, mkutano ukiwa Dar es Salaam. Umoja wa Afrika wamekiingiza kwenye lugha za kazi 2022. Wazee wa FRELIMO waliofundishwa Nachingwea wanakiongea vizuri kuliko vijana wa Mikocheni. Tuna vyuo vya unadhimu Duluti kwetu, Karen Kenya, Kimaka Uganda, Nyakinama Rwanda, vyote ndani ya Jumuiya, na maofisa wanabadilishana kila mwaka. Wanne kati ya watano ndani ya chumba wanajua Kiswahili, halafu wanakaa kutafuta "nevertheless".

#30 Nairobi Yetu

Nakubaliana nawe kwa moyo, sikubaliani kwa kichwa. Mpe huyo ofisa wako kazi New York, makao makuu ya Umoja wa Mataifa. Au Lebanon, au Bangui. Mpakistani, Mnepali, Mganda na Mserbia watakutania wapi?

Pia Uganda kwa raia Kiswahili bado kina harufu ya bunduki. Wazee wengi kule walikisikia mara ya kwanza kikitoka kwa askari, tena kikiwaamuru walale chini. Usidhani watu wote wanakipokea kama taarabu.

#31 Mpenda Kiswahili

Hilo la Uganda nalipokea. Na bado: msamiati hauna tatizo. Kifaru, mzinga, doria, kuvizia, kurudi nyuma kwa mpangilio. Kagera yote ilipiganwa kwa Kiswahili.

#32 Mzee wa Kwata

Nilikuwepo. Tena upande wa pili nao walikuwa na Kiswahili, ndiyo maana kwenye redio tulikuwa waangalifu sana na maneno. Kuna siku mmoja wao aliingia kwenye masafa yetu akaanza kututukana. Kijana wetu mmoja akamjibu kwa kumsahihisha ngeli. Kamanda akamnyang'anya simu ya upepo.

#33 Siti ya Dirishani

😂😂 Mzee hii ndiyo tulikuwa tunaisubiri tangu #6.

#34 Jadi na Historia

Tukiwa upande huo: Amin mwenyewe ni mfano unaosumbua nadharia zote za humu. Aliingia KAR 1946, akapanda hadi cheo cha effendi, cha juu kabisa kwa Mwafrika asiye na kamisheni, na 1961 akawa mmoja wa Waganda wawili wa kwanza kupewa kamisheni. Kiingereza chake kilikuwa hafifu na wakubwa wake walijua. Wakampandisha hivyohivyo kwa sababu alikuwa mtiifu, mwanamichezo na hakuwa mbishi.

#35 Kazi Mtaani

Yaani walichagua asiyebisha. Nikumbushe yaliishaje?

#36 Mpinzani Rasmi

Nimenyamaza. Hii sijui niiweke upande gani wa meza.

#37 Ticha Mwajuma

Kwa mtoa mada, kuhusu meja. Nikiwa na darasa la watu kumi na wawili nafanya hivi, wengine mnaweza kuniambia nimekosea. Wiki mbili za kwanza mada zinajadiliwa kwa Kiswahili, sheria zote za mdahalo zikiwepo: saa mezani, upande wa kupangiwa, swali la kukatiza. Vyeo tunavitoa mlangoni pamoja na kofia, kila mtu anaitwa kwa namba ya kiti. Wiki ya tatu mada zilezile zinarudi kwa Kiingereza. Hapo naona kwa macho yangu nani alikuwa na tatizo la lugha na nani la ubishi. Aliyewaka kwa Kiswahili akazimika kwa Kiingereza, huyo ni wangu. Aliyezimika kote, huyo si wa mwalimu wa lugha.

Na vijisentensi vya kununulia muda nawakaririsha kama kwata: "Let me come back to that", "If I understood you correctly". Mtu anapata sekunde nne za kuunda sentensi bila kuonekana ameganda. Sekunde nne kwenye mdahalo ni nyingi sana.

#38 Mpinzani Rasmi

Ticha, hiyo ya namba za viti naiiba.

#39 Kazi Mtaani

Kiti namba moja atakaa nani?

#40 Dada wa Makunduchi

Kazi Mtaani una kidonda na kanali fulani, tueleze tu.

#41 Mtoto wa Kota

Jamani, mhusika ameusoma uzi wote jana usiku. Amecheka #32, amenuna #26, na ana lake ambalo hakuna aliyeligusa.

Anasema kwanza, Waingereza alikuwa anawaelewa, Wamarekani anawaelewa, Wahindi na Wanigeria anawaelewa. Aliyemshinda alikuwa Mskoti mmoja, tena ndiye aliyekuwa DS, yaani mkufunzi, wa sindiketi yake. Nusu ya kozi alikuwa anajibu anachodhani ameulizwa.

Pili, kuna siku moja alibisha. Alisimama, akamwambia meja mmoja mwenyeji kwamba mpango wake wa kuvuka mto utaua watu, kwa sababu mto ule mvua zikianza unapanda usiku mmoja, yeye ameona mito ya namna hiyo. Alisema kwa sentensi fupifupi, na sarufi anakiri ilikuwa imekufa. Chumba kikawa kimya. Halafu mmoja akarudia maneno yake kwa Kiingereza kizuri, na kwenye muhtasari hoja ikaandikwa kwa jina la huyo aliyerudia.

Baada ya hapo, anasema, hakunyamaza kwa sababu ya kushindwa. Alinyamaza kwa hasira.

Sijui hii inaingia kwenye hoja ya nani. Yangu ya #1 imetoboka, nakubali.

#42 Ticha Mwajuma

Mwambie pole. Hiyo siwezi kuifundisha.

#43 Kabibi wa Beni

Na muto ile ilikuwa inapanda kweli ao hapana?

#44 Mtoto wa Kota

Ilikuwa ya kwenye ramani tu, dada. Mto wa kubuni.

Ila Jumapili tumeanza mazoezi nyumbani, mtindo wa #3 na viti vya #37. Mama amekataa kuhama sebule safari hii. Kashika saa, na mada ya kwanza katoa yeye, kwa Kiingereza chake cha darasa la nane la mkoloni: "This house believes the Major should marry before December." Meja kapangiwa upande wa kuunga mkono.

#45 Siti ya Dirishani

Karanga zimeisha, nakimbilia dukani. Alisimama dakika ngapi?

#46 Mtoto wa Kota

Saba kamili. Alianza na "Let me come back to that".

#47 Kaka Mpole

Say again?